Jinsi ya kutoa fangasi wanaoishi ndani ya jani la mwembe bila sahani kujaa ukungu wa nje

Picha ninazotumiwa siku hizi ni zilezile. Sahani ya petri, ile ya maabara ya kuoteshea fangasi, imejaa ukungu wa kijani, au manyoya ya kijivu yamepanda mpaka yanagusa mfuniko, halafu chini yake swali: "huyu ni endofiti gani?" Na jibu langu karibu kila mara ni kwamba huyo hakutoka ndani ya jani, huyo ametoka juu ya jani, au hewani, au kwenye vidole vyako.

Endofiti ni fangasi anayeishi ndani ya mmea, katikati ya seli zake, na mmea unabaki mzima kabisa hauonyeshi ugonjwa. Jani la mwembe linalong'aa vizuri lina fangasi kadhaa ndani yake muda huu. Sasa shida ni kwamba juu ya jani hilohilo kuna vumbi lililojaa spora (vijimbegu) za fangasi wengine kabisa, ambao wanakua haraka kuliko wale wa ndani. Kwa hiyo kazi yetu ina sehemu mbili: kuua wa nje bila kuua wa ndani, halafu KUTHIBITISHA kwamba wa nje kweli wamekufa. Sehemu ya pili ndo karibu wote mnairuka, na bila hiyo hata ukipata koloni (kundi la fangasi lililoota pamoja) nzuri namna gani huwezi kusema imetoka wapi.

Na inafaa kuhangaika nao kwa sababu hawa fangasi wana kazi kubwa kwenye mimea. Kule Panama mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba majani ya kakao yaliyorudishiwa endofiti wake yalipona zaidi yaliposhambuliwa na kimelea cha ugonjwa kiitwacho Phytophthora kuliko yale yasiyo nao. Uganda, watafiti wa migomba walirudisha fangasi Fusarium oxysporum wasio na madhara kwenye miche ya tishu, maana miche ile inatoka maabara ikiwa mitupu, haina wenzake wa ndani wa kuisaidia dhidi ya minyoo midogo inayotoboa mizizi. Nairobi, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanya kazi ya kuingiza fangasi ndani ya kitunguu ili kupunguza thripsi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Kote huko mtu alianza na hii hii kazi ya sahani na vipande vya jani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa jani

- Viazi mviringo gramu 50, sukari gramu 5, agari ya unga (ya kugandisha chakula cha fangasi) gramu 5, maji mililita 250. Hii inatosha sahani 12 hivi za sentimita 9.
- Sahani za petri za plastiki zilizofungwa kiwandani. Ukikosa, tumia vichupa vya kioo vyenye mfuniko wa bati.
- Presha kuka.
- Spiriti ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 95 au 96, chukua mililita 73 ongeza maji safi mpaka ifike 100.
- Jik au dawa nyingine ya klorini isiyo na rangi wala manukato. Soma lebo uone asilimia ya sodiamu haipokloraiti.
- Maji yaliyopikwa kwenye presha kuka, vichupa vitatu au vinne.
- Kibanio cha chuma, wembe mpya, taa ya spiriti, foili, tishu ya jikoni, maka peni, nailoni ya kufungia chakula.
- Boksi kubwa la plastiki linaloona ndani.
- Glavu, na kitu cha kufunika macho.

Kuhusu agari, tafadhali msibadilishe. Jelatini ya keki inayeyuka kwenye joto la Dar au Tanga, na hata isipoyeyuka fangasi wengi wataila igeuke maji. Na mwani unaolimwa Zanzibar na Pemba hautoi agari, unatoa karajini, ni kitu kingine. Nunua agari yenyewe kwenye maduka ya vifaa vya keki au vya maabara.

## Hatua ya 1: Pika chakula cha fangasi

Menya viazi, katakata vidogo, chemsha kwenye maji mililita 250 kwa dakika 20 hadi 30, chuja, viazi weka pembeni hatuvihitaji tena. Yale maji yarudishie yafike mililita 250, weka sukari na agari, koroga kwenye moto mpaka agari iyeyuke yote usione punje.

Mimina kwenye chupa ya kioo, isijae, iwe nusu tu, legeza mfuniko, funika na foili, ingiza kwenye presha kuka yenye maji kidogo chini. Maabara wanapika nyuzi joto 121 kwa dakika 15 mpaka 20. Presha kuka nyingine za nyumbani hazifiki joto hilo, kwa hiyo mimi naweka dakika 40, na nahesabu kuanzia mvuke unapoanza kutoka kwa nguvu, siyo kuanzia nilipowasha jiko. Humohumo pika na vichupa vya maji, na tishu iliyofungwa kwenye foili.

Usifungue presha kuka ikiwa ya moto. Kwanza ni hatari kwako, pili agari itafoka yote itoke kwenye chupa.

Agari ikipoa ukaweza kushika chupa kwa mkono, mimina kwenye sahani, kina cha milimita 3 hadi 4 hivi. Ikimiminwa ya moto sana mfuniko utajaa matone ya maji, na tone likidondoka linasambaza spora sahani nzima.

Halafu usizitumie siku hiyo! Ziache siku mbili kwenye boksi safi, zikiwa zimefunikwa. Yoyote itakayoota kitu chenyewe, itoe. Ukifanikiwa sahani inabaki wazi kama maji, imeshika, ukiiinamisha haimwagiki.

## Hatua ya 2: Tuliza hewa

Feni zima. Madirisha funga. Boksi la plastiki lilaze kwa ubavu, au toboa matundu mawili ya mikono, futa ndani kwa spiriti, acha dakika 15 vumbi litulie. Spora zinasafiri na hewa inayotembea, hewa ikitulia zinashuka chini, ndo maana ya boksi.

ONYO: taa ya spiriti usiiweke ndani ya boksi ambalo umetoka kulifuta kwa spiriti sasa hivi. Subiri ikauke kabisa, na chupa ya spiriti ikae mbali na moto. Kama huna uhakika na nafasi yako, chomea kibanio nje ya boksi, usihatarishe nyumba.

## Hatua ya 3: Chagua jani sahihi

Wengi mnachuma jani changa, lile jekundu laini la mwembe kwa sababu linaonekana safi. Hilo halina kitu, au lina kidogo sana. Kwenye miti kama mwembe endofiti wengi hawatoki kwenye mbegu, wanaingia kutoka nje: spora inatua kwenye jani, inapata unyevu wa mvua au umande, inaota na kupenya. Jani changa halijanyeshewa vya kutosha. Chuma jani lililokomaa, kijani iliyoiva, lisilo na doa hata moja, lisilo na alama ya mdudu. Doa lina fangasi wa ugonjwa, na huyo atawazidi mbio wengine wote.

Chuma majani matatu kutoka pande tofauti za mti, weka kwenye bahasha ya karatasi, fanya kazi siku hiyohiyo. Mfuko wa plastiki unatoa jasho, na kwenye jasho ukungu wa nje unaanza kuota kabla hujafika nyumbani.

## Hatua ya 4: Ua wa nje

Hapa twende polepole.

Osha jani kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika tano, sugua taratibu kwa kidole pande zote mbili. Jani la mwembe lina nta, na vumbi limeng'ang'ania kwenye ile mishipa ya chini, dawa peke yake haiwezi kufika huko. Kisha kata vipande vikubwa, kama sentimita 2 kwa 4. Msikate vidogo sasa! Ukikata vidogo kabla, Jik inaingia kupitia kingo ulizokata na kuua wale unaowatafuta.

Andaa Jik. Kama lebo inasema asilimia 3.5, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyopikwa upate karibu asilimia 1.75. Weka tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yashike kwenye nta badala ya kuteleza. Jik iwe mpya na isiwe imekaa juani, ya zamani inapungua nguvu bila kubadilika sura na ndo inawaangusha watu bila kujua.

Sasa, ndani ya boksi, kwa mpangilio huu:

1. Spiriti asilimia 70, dakika 1. Inalowesha jani lenye nta na kufukuza mapovu ya hewa. Ya asilimia 95 siyo bora kama mnavyodhani, maji yaliyomo kwenye ya 70 ndo yanaisaidia kupenya.
2. Kung'uta, kisha Jik, dakika 3 kwa jani la mwembe. Tikisa muda wote, usiache kipande kielee.
3. Suuza mara moja kwenye maji yaliyopikwa, kisha spiriti sekunde 30.
4. Suuza mara tatu, kila mara kichupa kipya, dakika moja moja. Maji ya kichupa cha mwisho USIYAMWAGE.

Jani laini kama la maharage anza na dakika 1 ya Jik, jani gumu kama la mkorosho linaweza kutaka 4 au 5. Ukifanya mmea mpya jaribu dakika 1, 3 na 5 kwanza. Muda sahihi ni ule mfupi kuliko yote ambao sahani za ushahidi za hatua inayofuata zinabaki tupu. Kipande kikigeuka cheupe kingoni au kikawa kama kimechemshwa, umezidisha, huko ndani umeua kila kitu.

ONYO kubwa: Jik na spiriti visichanganywe kwenye chombo kimoja, wala Jik na ndimu au siki. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu kweli. Glavu na macho yafunikwe, na ukimaliza fungua dirisha.

## Hatua ya 5: Sahani za ushahidi

Kuna mwaka nilipata fangasi wa kijani kibichi kutoka mwarobaini, kila kipande, sahani zote. Nilimtunza miezi miwili, nikamhamisha mara nne, nikaandika maelezo yake yote. Alikuwa Penicillium, ukungu wa kawaida, wa vumbi la chumba kile. Ningeweka sahani moja tu wazi pale mezani ningejua ndani ya siku tatu. Ndo maana hapa siachi mtu apite.

Sahani A, alama ya jani. Chukua kipande kilichosuuzwa, kikaushe kwenye tishu iliyopikwa, kilaze juu ya agari, kibonyeze polepole kwa kibanio, acha dakika moja, kisha pindua upande wa pili ufanye vilevile, ondoa. Kama kuna spora hai nje ya jani, itabaki kwenye agari na itaota palepale, utaona kabisa umbo la jani limejichora kwa ukungu. Nimewahi kuona mpaka mshipa wa kati umetokea kama mstari.

Sahani B, maji ya mwisho. Matone mawili ya yale maji ya kichupa cha mwisho, sambaza.

Sahani C, hewa. Iache wazi ndani ya boksi muda wote unaofanya kazi, funika ukimaliza.

Na sahani moja ya nne usiifungue kabisa, hiyo inakuambia kama agari yenyewe ilipikwa vizuri.

Kusoma ni hivi. A au B ikiota, hatua ya 4 imeshindwa, tupa vipande vyote anza upya hata kama vinapendeza. C ikiota koloni moja au mbili, linganisha: yeyote anayefanana naye kwenye vipande vyako mfute. Ya nne ikiota, tatizo ni presha kuka.

## Hatua ya 6: Kata na panda

Choma wembe, au uchovye kwenye spiriti uuache ukauke. Punguza kingo za kipande pande zote nne, milimita 3 hivi, maana hizo ndo Jik iliingia. Kilichobaki kata viraba vya milimita 5. Panda vitano kwa sahani, mbalimbali, kimoja katikati ya nafasi yake, ukikididimiza kidogo ili kingo iguse agari. Sahani sita zinakupa vipande 30.

Mfuniko unyanyue upande mmoja tu kwa upana wa kibanio. Usiongee ukiwa umeinama juu yake. Zungushia nailoni, andika chini ya sahani (siyo kwenye mfuniko, mifuniko inachanganyikana) mti, tarehe, namba. Weka kwenye kabati lenye giza la kawaida, nyuzi 25 hadi 30 ni sawa kabisa.

## Hatua ya 7: Subiri, na ujue unachokiangalia

Siku ya 1 na 2 inatakiwa usione kitu. Ukiona utelezi unaong'aa kama mate, hao ni bakteria. Ukiona manyoya ya kijivu yenye vichwa vyeusi yamejaza sahani kwa siku mbili, huyo ni Rhizopus, ukungu wa mkate, au ndugu yake, ameingia kutoka nje, toa sahani hiyo mbali na nyingine bila kuifungua.

Bakteria wakikusumbua sana, awamu ijayo ongeza maji ya limau yaliyochujwa na kupikwa kwenye kichupa chake, kijiko kimoja cha chai kwa mililita 250, uyaweke agari ikishatoka kwenye presha kuka na kupoa kiasi. Ukiyapika pamoja agari haitashika.

Kuanzia siku ya 3 mpaka ya 10 ndo wanatoka. Mulika tochi ya simu kutoka pembeni, siyo juu. Utaona kwenye kingo iliyokatwa uzi mmoja mweupe, mwembamba kuliko unywele, umetoka ndani ya jani unaelekea kwenye agari. Kesho yake ni nyuzi kumi. Hiyo ndo alama unayoitafuta: anatoka KWENYE KINGO ya kipande, haanzii katikati ya agari wala mgongoni mwa jani.

Usitupe sahani siku ya 10. Wapo wanaokua taratibu, wanatokea wiki ya tatu au ya nne, na mara nyingi hao ndo wa maana kwa sababu wanaotupa mapema hawawapati kamwe.

Hesabu yake ni rahisi, vipande vilivyotoa fangasi gawa kwa vyote mara 100. Tuseme 21 kati ya 30, ni asilimia 70. Kwa majani yaliyokomaa ya miti ya ukanda wetu namba kubwa ni kawaida, usiogope. Kinachonitia wasiwasi ni vipande vyote 30 vinapotoa fangasi mmoja wa rangi ileile ndani ya siku tatu.

## Hatua ya 8: Mtenganishe kila mmoja

Usisubiri wagusane. Nyuzi zikifika sentimita moja kutoka kwenye kipande, kata kiraba kidogo cha agari kwenye UKINGO wa koloni, pale nyuzi ni changa, kihamishie sahani mpya. Katikati ya koloni ni pazee na bakteria wanajificha hapo. Rudia mpaka koloni iwe ya duara yenye rangi moja inayoeleweka juu na chini.

Kumtambua kwa darubini, gusa koloni kwa seloteipu, bandika kwenye kioo chenye tone la rangi ya bluu ya maabara, tazama kwa ukuzaji wa 400. Kwenye mwembe tegemea Colletotrichum, Phyllosticta, Diaporthe, Pestalotiopsis, pengine Xylaria. Wengine hawatatoa spora kabisa na hao wanahitaji kusomwa DNA, hamna njia ya mkato.

Hapo kwenye Colletotrichum mtashangaa, maana ndo jenasi (kundi la spishi) inayoleta chule, ugonjwa wa madoa meusi, kwenye maembe. Jani halikuwa na chule na wewe hukukosea. Anaweza kukaa ndani kimya muda mrefu, na tabia yake inabadilika jani likichoka au tunda likiiva. Xylaria naye kwenye jani bichi hana fujo, lakini jani likianguka yeye tayari yuko ndani, anakuwa kati ya wa kwanza kulivunjavunja na kurudisha virutubisho ardhini. Kwa hiyo msiwagawe mapema kuwa huyu mzuri huyu mbaya, andika tu ametoka jani gani, la umri gani, msimu gani.

## Hatua ya 9: Kutunza na kutupa

Kata viraba vitano vidogo vya koloni safi, viweke kwenye kichupa cha maji yaliyopikwa, kaza mfuniko, weka mahali pa baridi pasipo na jua. Wengi wanakaa hai hivyo kwa miezi mingi bila friji ya gharama. Tengeneza vichupa viwili kwa kila mmoja, viweke sehemu tofauti.

Msinyunyizie fangasi msiyemjua shambani, nawaomba sana. Fusarium oxysporum anayesaidia mgomba na yule anayeuua kwa mnyauko wana jina moja la spishi, kwa macho huwezi kuwatofautisha. Na Aspergillus wengine wanatoa sumukuvu. Majaribio ya mmea yafanyike kwenye vyungu, mbali na mashamba ya watu, mkiwa na mtaalamu wa magonjwa ya mimea.

Sahani za zamani zisifunguliwe kunusa wala kupiga picha, hasa kama una pumu. Za kioo pika kwenye presha kuka dakika 40 kabla ya kuosha. Za plastiki zizamishe kwenye ndoo ya Jik iliyochanganywa, uzifungulie ndani ya maji hukohuko zisielee, zilale usiku kucha, ndipo zifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Zile A, B na C tupa mwisho kabisa, ukishapiga picha zake kutokea juu ya mfuniko na kuandika tarehe, kwa sababu mtu akikuuliza umejuaje kwamba fangasi wako ametoka ndani, picha hizo ndo utamwonyesha.